Kwenda Kuona Mashamba ya Chai Tigoni Kutoka Nairobi kwa Siku Moja: Mwongozo Kamili

Mwezi haupiti kabla mtu wa Nairobi hajaniambia, "Tulienda Limuru lakini chai hatukuiona. Kwani imepandwa wapi?" Wengine waliiona kupitia dirisha la matatu, wakapitishwa. Wengine walifika langoni wakaambiwa wageni wa siku hiyo wametosha. Na wapo waliorudi na picha hamsini za ukungu.

Mimi pia niliangukia pua mara ya kwanza. Ilikuwa Julai. Mimi na mdogo wangu tuliruka ndani ya gari la kwanza lililoitiwa "Limuru! Limuru!", yeye na raba zake nyeupe, mimi na shati la mikono mifupi. Tukateremshwa mjini Limuru karibu na soko, tukatetemeka, tukala mahindi ya kuchoma, tukarudi. Safari hii huharibikia nyumbani, kabla hujafunga mlango: umechagua siku mbaya, hujui gari linapita wapi, viatu si vyake, na kuna simu ambayo hukupiga.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka Nairobi kwa matatu na kurudi siku hiyo hiyo. Kericho na Nandi ni kuzuri kweli, lakini Kericho iko takriban kilomita 260 kutoka mjini. Hiyo si safari ya kwenda na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Limuru ni kilomita 30 hivi, na Tigoni yenye mashamba ya chai iko jirani yake.

## Vitu vya kuandaa

- Viatu vya kufunika kidole, vyenye soli ya meno. Ukiwa na gambuti na ni msimu wa mvua, zibebe.
- Sweta na jaketi la mvua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Tigoni imepita 2,000. Tofauti hiyo utaisikia masikioni na kwenye vidole.
- Suruali ndefu ya kitambaa kigumu. Matawi ya michai hukwaruza, na umande wa asubuhi hulowesha hadi mapajani.
- Kofia na mafuta ya kukinga jua. Watu hucheka nikisema hivi, halafu jioni nyuso zinawawasha. Tuko karibu na ikweta na tumepanda juu. Ukungu ukifunguka, jua huchoma hata kama upepo ni baridi.
- Pesa taslimu za noti ndogo, pamoja na salio la M-Pesa. Bodaboda wengi hupokea M-Pesa, lakini mtandao ukigoma kwenye bonde utashukuru kuwa na mia mbili mkononi.
- Chupa ya maji, kitu cha kutafuna, na karatasi ya msalani. Katikati ya shamba la chai hakuna choo.
- Malapa, na mfuko mgumu usiopitisha maji (si wa plastiki, hiyo imepigwa marufuku Kenya) wa kutilia viatu wakati wa kurudi. Sababu yake utaijua jioni.

## Hatua ya 1: Chagua siku na mwezi

Chai ya Kenya huchumwa mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mwezi utakaokuta michai imekauka. Kinachobadilika ni hewa na njia.

Machi hadi Mei ni mvua za masika. Majani hutoka kwa wingi, wachumaji ni wengi, na rangi ya kijani ni ile ya kung'aa. Lakini udongo mwekundu wa huko ukilowa huteleza kama sabuni na kunata kama ugali, na bodaboda nyingine hukataa kabisa kuingia njia za ndani.

Juni hadi Agosti ni baridi. Ukungu unaweza kulala shambani hadi saa nne au tano asubuhi, na siku nyingine hauondoki kabisa. Mtu anayetaka mandhari ya mbali asiende Julai. Mimi huupenda Julai kwa sababu zangu, lakini sikushauri uanze nao.

Januari, Februari na Septemba ndiyo miezi rahisi kwa mgeni. Njia ni kavu na anga iko wazi. Ukienda kati ya Oktoba na Desemba, beba mwavuli na uwe umemaliza kutembea kabla ya saa nane, kwa maana mvua za vuli hupenda kushuka mchana.

Kuhusu siku ya wiki: Jumapili ndiyo siku ambayo watu wa mjini wana nafasi, na ndiyo siku mbaya kuliko zote. Wachumaji wengi wako kanisani, mashamba yamenyamaza, mikahawa imejaa, na jioni barabara kuu ya kutoka Nakuru hufurika magari yanayorudi mjini. Ukiweza kuomba ruhusa kazini, nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Ikishindikana, Jumamosi asubuhi na mapema.

## Hatua ya 2: Piga simu kabla ya kutoka

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi. Shamba la chai si bustani ya umma. Kila kichaka unachokiona kando ya barabara kina mwenyewe: mkulima mdogo mwenye nusu eka, au kampuni yenye mabonde mawili. Kupiga picha ukiwa barabarani hakuna tatizo. Kuingia ni jambo la kuomba.

Una njia tatu.

Ya kwanza ni shamba linalopokea wageni rasmi. Linalojulikana zaidi Tigoni ni Kiambethu. Huko huwezi kufika tu ukabisha hodi. Nafasi huwekwa mapema, na wikiendi hujaa. Ziara huanza asubuhi kwa maelezo ya jinsi chai inavyotoka shambani hadi kikombeni, mnatembezwa msituni, kisha mnakula chakula cha mchana. Bei ni ya mfuko mzito kidogo, kwa hiyo ulizia ukiwa bado nyumbani, na uulize kama watoto wana bei yao.

Ya pili ni kutembea tu kwenye uwanja wenye njia zake, kwa mfano Brackenhurst, ambako kuna msitu wa miti ya asili uliopandwa upya mahali palipokuwa na mikaratusi. Chai utaiona pembeni, na kivuli na kiti cha kupumzikia vipo. Hapa pia piga simu uulize kiingilio na saa.

Ya tatu, ninayoipenda zaidi, ni kupitia mtu. Nairobi hii ukiuliza kazini, kanisani au kwenye chama, hukosi mtu ambaye shosho yake ana chai Tigoni, Ngecha, Githunguri au Lari. Omba akutangulizie neno. Usiende mikono mitupu: kilo mbili za sukari na mkate vinatosha, na usivitaje, viweke tu mezani.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa na jina la mtu anayekungoja, saa, na namba ya simu. "Tutajua tukifika" si mpango. Mimi na wenzangu watano tulishawahi kugeuzwa kwenye lango la shamba fulani tukiwa tumeshalipa bodaboda tatu, na askari wa lango alikuwa na haki kabisa.

## Hatua ya 3: Panda gari linalopitia Banana

Kutoka Nairobi kwenda Limuru kuna njia mbili, na makanga wa zote mbili huita jina lile lile.

Moja hufuata Waiyaki Way na barabara kuu ya Nakuru. Ni ya haraka, lakini inakufikisha Limuru mjini kwa upande ambao Tigoni huipiti kabisa. Nyingine huenda kwa barabara ya Limuru: Muthaiga, Gigiri, Ruaka, Banana, halafu Tigoni. Hiyo ndiyo yako.

Steji za katikati ya mji huhamahama, kwa hiyo usitegemee alikopandia rafiki yako mwaka juzi. Uliza. Na usiulize, "Hii inaenda Limuru?" maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza hivi: "Makanga, unapitia Banana? Utanishusha Tigoni?" Akisita au akikuambia "panda tu, tutakusaidia mbele," subiri linalofuata.

Ukikosa la moja kwa moja, panda hadi Ruaka, vuka, ukamate jingine. Kuunganisha kunaongeza gharama kidogo lakini kunakuepusha na kupotea. Kwa walio Westlands, Parklands au Gigiri, hakuna haja ya kushuka mjini kwanza, likamateni njiani.

Nauli iulize kabla ya kukaa. Mvua ikinyesha hupanda, na jioni pia.

Toka mapema. Ukiwa ndani ya gari saa moja na nusu asubuhi, unakwenda kinyume na umati unaoingia mjini, na saa moja au zaidi kidogo itakutosha. Ukitoka saa tatu, kituo chako cha kwanza cha utalii kitakuwa msongamano wa Ruaka.

## Hatua ya 4: Soma dirisha

Kaa dirishani. Ruaka ni magorofa yaliyobanana. Ukiyapita, barabara inaanza kupanda, unaona sukuma wiki, migomba na mibuni ya kahawa. Halafu hewa inabadilika, watu wa kando ya barabara wanakuwa na masweta, na mibuni inakoma. Kahawa ya Kiambu hukaa chini kunakopata joto. Chai hudai baridi, mvua nyingi na udongo wenye tindikali, kwa hiyo iko juu. Ukiona kilima kimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule, kijani kitupu, umefika kwenye mstari wenyewe. Mkumbushe makanga wakati huo, wala si baada ya kituo.

Ukishuka, mpigie mwenyeji wako azungumze na bodaboda moja kwa moja. Ramani ya simu hupenda kukupeleka kwenye njia za ndani ya shamba zilizofungwa kwa mnyororo.

## Hatua ya 5: Ingia shambani

Hapa usikimbie. Watu wengi hupiga picha dakika kumi wakaanza kuuliza chakula kiko wapi.

Kwanza, salimia. Mama anayechuma analipwa kwa kilo, kwa hiyo kila dakika anayosimama nawe ni pesa yake. Mwambie, "Habari ya kazi, mama? Naomba kutazama tu, usisimame." Akiendelea kuchuma huku anakujibu, umepokelewa. Picha ya uso wake iombe kwa maneno. Akikataa, ni hivyo. Piga mikono au kapu kama ameruhusu, au piga kilima.

Sasa tazama mikono. Inakwenda yote miwili kwa pamoja. Kidole gumba na cha shahada vinakamata ncha ya tawi, majani mawili na kichipukizi katikati, vinavunja kwa kukunja kifundo bila kuvuta. Viganja vikijaa, majani yanarushwa nyuma ya bega na kutua kapuni bila yeye kugeuka. Juu ya kichaka kumelazwa fito nyembamba iliyonyooka: chochote kilichochomoza juu ya fito huchumwa, kilicho chini huachwa. Ndiyo sababu shamba zima liko sawa kama meza. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu kuliko nyumba. Urefu wa kiunoni ni kazi ya kisu cha kupogolea, kila miaka mitatu au minne. Ukikuta sehemu imebaki vijiti vikavu, usidhani imeungua. Imepogolewa.

Ukipewa nafasi ya kujaribu, jaribu. Vunja kichipukizi kimoja na ukisikilize: kikiwa laini, hulia "tik" kidogo na kukatika. Ukilazimika kuvuta, umeshika jani lililokomaa, na hilo likifika kituo cha kupimia linaweza kumkosesha mama wa watu kilo zake.

Mambo ambayo yatakufanya ufukuzwe: kupita katikati ya vichaka badala ya vijia, kukalia au kulalia michai kwa ajili ya picha, kushindilia majani kapuni, na kuvuta sigara. La kushindilia si adabu tu. Majani yakibanwa hupata joto na kuanza kubadilika rangi kabla ya kufika kiwandani. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Ukiweza, kaa hadi majani yapelekwe kupimwa. Pale kituoni, makapu yakining'inizwa kwenye mizani na kila mtu akitoa jicho kwenye namba, ndipo utaelewa hesabu: kilo moja ya chai ya pakiti hutoka kwenye kilo nne hadi tano za majani mabichi. Nilimwona shosho mmoja akiingiza mkono kwenye kapu lake, akachomoa jani moja gumu, akalitupa chini kimyakimya kabla ya karani kulifikia. Jani moja!

Dalili kwamba umefaulu hatua hii ni ndogo: vidole vyako vina rangi ya kahawia isiyotoka kwa maji. Utomvu wa chai.

## Hatua ya 6: Msitu, nyani wasio nyani, na tumbo

Kwenye vipande vya msitu wa asili vilivyobaki Tigoni wako mbega, wale weusi wenye joho jeupe na mkia mrefu, na kima pia. Mbega hawana haraka. Wasubiri kimya chini ya miti mikubwa. Usiwalishe. Kima aliyezoeshwa ndizi na wageni humnyang'anya mtoto mkononi.

Chakula: kama ziara yako haina mlo, hoteli za Limuru mjini zina mukimo, nyama na supu ya kutosha. Sina zaidi la kusema hapo.

## Hatua ya 7: Kiwanda, kama una mwaliko tu

Kiwanda cha chai hakifunguliwi mtu wa njiani. Kundi la shule au chama huandikia meneja barua wiki kadhaa kabla. Ukikubaliwa, vua saa, pete na hereni, funika nywele, na usivae manukato. Chai hunyonya harufu kuliko mchele.

Utapitishwa kwa mpangilio wake. Majani yananyaushwa kwa upepo muda wa saa 12 hadi 18. Kisha yanapita kwenye roli zenye meno, zinazoyakata na kuyasokota kuwa punje. Yanaachwa yapumue hadi kijani igeuke shaba, halafu yanakaushwa mpaka unyevu unabaki asilimia 3 hivi. Mwisho hupepetwa kwa ukubwa. Waulize waliomo ndani wakuonyeshe rangi ikigeuka. Hapo ndipo jani linakuwa chai, na harufu yake ni kama tufaha lililokatwa. Kelele ni kubwa, kwa hiyo maswali yahifadhi hadi nje.

Ukikosa mwaliko, usihuzunike. Shamba ndilo ulilokuja kuona.

## Hatua ya 8: Nunua majani ukiyajua

Omba uonje turungi kabla ya kununua, bila maziwa wala tangawizi. Tangawizi huficha mengi. Chai nzuri ya huku ina rangi ya shaba inayong'aa ukingoni mwa kikombe na ukali unaokauka ulimini bila uchungu. Punje ziwe za ukubwa mmoja, nyeusi, zisizo na nyuzinyuzi za kahawia nyingi. Nyuzi hizo ni vijiti.

Ukiona pakiti ya chai ya zambarau, jaribu ndogo kwanza. Hutoka kwenye aina ya mchai yenye majani ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011, na ladha yake si ya chai ya maziwa. Baba yangu aliichemsha na maziwa na iliki, akanitazama kama nimemdhulumu.

Nyumbani, itie kwenye mkebe unaofunga, mbali na vitunguu na sabuni.

## Hatua ya 9: Rudi kabla hakujawa giza

Jua huzama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ukungu hulitangulia. Anza kutoka shambani saa tisa na nusu, saa kumi ikizidi.

Kosa la kawaida ni kusimama kando ya barabara Tigoni ukingoja gari la kushuka. Mengi hupita yamejaa tangu Limuru. Badala yake, panda bodaboda au matatu ya kupanda hadi Limuru mjini, ukae kwenye gari tupu steji. Hapo sasa njia yoyote inakufaa, ya Banana au ya barabara kuu, kulingana na unakoishi. Siku ya Jumapili, ya Banana.

Kabla ya kuingia ndani ya gari, vua viatu vya matope uvitie kwenye ule mfuko mgumu, uvae malapa. Makanga atakupenda. Na ukifika nyumbani usivioshe usiku huo huo: udongo ule ukitiwa maji ukiwa mbichi huingia kwenye kitambaa na hautoki tena. Viache barazani vikauke, kisha asubuhi gonganisha soli, udongo ubanduke vipande vipande. Raba za mdogo wangu alizifua usiku ule ule wa Julai, na mpaka leo anazivaa za rangi ya matofali.